Sura ya Nne: Kuku Mia Mbili wa Kwenye Karatasi

Chukua rundo la michanganuo ya biashara iliyoandikwa na wanafunzi wa chuo chochote cha biashara nchini Tanzania, anza kuisoma mmoja baada ya mwingine, na kabla hujafika katikati ya rundo utakuwa umeshakutana na banda la kuku. Kuku wa nyama, mia mbili, banda liko Kibaha au Chanika au uani kwa shangazi. Mwandishi wake huenda hajawahi kushika kifaranga, lakini jedwali lake limenyooka: mwaka wa kwanza kuku mia mbili, mwaka wa pili mia sita, mwaka wa tatu kiwanda kidogo cha kusaga chakula cha mifugo. Hakuna kuku anayekufa. Hakuna mteja anayesema "njoo Ijumaa". Mhadhiri anagonga alama nzuri, karatasi inarudishwa kwa mwenyewe, na biashara inaishia hapo.

Sina ugomvi na kuku. Mzunguko wao ni mfupi, nyama yao inaliwa harusini na msibani, na mtu hahitaji kuelezwa soko liko wapi. Wana ukweli zaidi kuliko matikiti ya kwenye makundi ya WhatsApp, yale ambayo kila ekari huzaa mamilioni na hakuna anayekujibu ukiuliza shamba liko kijiji gani. Ninachotaka ni kuutazama mchanganuo huo kwa macho ya mwenye banda, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho kozi ya ujasiriamali na usimamizi wa biashara ndogo inapaswa kufundisha, na mara nyingi haifundishi.

Tuweke bei za kukadiria. Vifaranga 200 kwa shilingi 2,000 kila mmoja ni 400,000. Hadi afikie uzito wa kuuzwa, kuku wa nyama hula kama kilo tatu na nusu za chakula. Kuku 200 wanahitaji kilo 700, yaani mifuko 14 ya kilo 50, na kila mfuko tuuhesabu 75,000. Hiyo ni 1,050,000. Chanjo ya kideri na ya Gumboro, vitamini, maranda ya kutandika na mkaa wa kuwapa joto, tuseme 150,000. Gharama zote ni 1,600,000. Uza kila kuku kwa 9,000, unapata 1,800,000. Faida ni 200,000 ndani ya wiki tano. Hapo ndipo mchanganuo unapoweka nukta.

Sasa twende bandani. Vifaranga 14 wanakufa, karibu wote katika wiki ya kwanza, usiku ambao mkaa ulizimika na mlezi amelala. Wanabaki 186. Waliokufa hawakula, kwa hiyo kuna mfuko mmoja hivi umeokolewa, 75,000. Siku ya 35 mnunuzi anakuja na gari, anachukua 100, anasema waliobaki atawafuata. Hawafuati. Wale 86 wanakaa wiki nzima zaidi, na kuku mkubwa anayesubiri mnunuzi hula kama gramu 170 kwa siku. Mifuko miwili imekwenda, 150,000. Gharama sasa zimefika 1,675,000. Mauzo ya kuku 186 kwa 9,000 ni 1,674,000. Wiki sita za kuamka usiku zimezaa hasara ya shilingi 1,000, na mwenye banda hajajilipa hata senti moja.

Na hesabu hiyo bado haijasema yote. Arobaini kati ya wale 86 walichukuliwa na mwenye mgahawa kwa mali kauli, atalipa mwisho wa mwezi. Hizo 360,000 zimo daftarini, mkononi hazipo. Mkononi kuna 1,314,000, na kundi jipya linahitaji 1,600,000. Kwa lugha ya sokoni, mtaji umekata. Ukimwonyesha mhasibu daftari atakwambia biashara imekaribia kutoka sare. Mfugaji anachojua ni kwamba vifaranga wapya hawezi kuwaagiza. Biashara nyingi ndogo hufia hapo, katikati ya faida iliyoandikwa na fedha iliyo mfukoni, na aliyefiwa na biashara husema "nilikosa mtaji", au "kuna mtu kanifanyia mambo".

Kozi tunayoizungumzia ina sehemu mbili katika jina lake. Ujasiriamali ni ile ya kuthubutu: kuona fursa, kubuni, kuanza. Usimamizi wa biashara ndogo ni ile ya kuamka kesho yake na kesho kutwa: daftari, stoo, madeni, kodi ya fremu, mteja wa mkopo, shemeji anayeomba soda bure. Vyuo vyetu vimeipenda sehemu ya kwanza. Ina semina, ina mabango, ina mgeni rasmi. Ya pili hupewa wiki chache za mwisho wa muhula, na mara nyingi hufundishwa kwa mifano ya kampuni yenye idara ya masoko na idara ya rasilimali watu. Sera ya Taifa ya maendeleo ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 iliihesabu biashara kuwa ndogo sana ikiwa na watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Mhitimu wetu akianza kitu, ataanza na mtu mmoja ambaye ni yeye mwenyewe, na mtaji usiofika hata robo ya hapo. Idara ya masoko ni mdomo wake.

Kwa nini tumefika hapa? Historia inasaidia kuelewa. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa mwaka 1965, na taifa changa lilikuwa na sababu nzuri ya kukihitaji: lilitaka wahasibu, watunza stoo, maofisa ugavi, na watu wa mizani na vipimo. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya biashara ikaingia mikononi mwa mashirika ya umma. Aliyesoma biashara alisomea kazi ya shirika. Mwenye duka lake binafsi alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na ya ujamaa. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo Sheria ya Nguvukazi, ambayo iliwafanya wachuuzi wa mjini waonekane kama watu wasio na kazi wa kurudishwa mashambani. Mzee aliyekuwa akiuza karanga kwa vipimo vya kikombe katika miaka hiyo hakudhani kwamba siku moja chuo kikuu kitatoa cheti cha shughuli yake.

Mambo yaligeuka baada ya 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza kulegeza masharti ya uchumi. Miaka ya 1990 mashirika yakauzwa au kufungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na ofisi zilizokuwa zikiwapokea wahitimu zikaacha kuajiri. Ndipo ujasiriamali ulipoingia madarasani kwa nguvu. Uliitwa kujibu swali la ajira: tuwafanyie nini vijana hawa? Haukuitwa na mwenye duka aliyekuwa akiuliza kwa nini kila Desemba anauza sana na kila Januari hana hela ya kujaza rafu. Somo lililozaliwa kwa swali la kwanza hufundisha kuhimiza. Ndiyo maana darasa la ujasiriamali hufanana na mahubiri: jiajirini, thubutuni, acheni kulalamika. Kijana anatoka amejaa moto, hana daftari.

Mahubiri hayo yana gharama yake. Kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kilichorushwa Tanzania kuwafundisha vijana ujasiriamali kwa njia ya burudani, kilifuatiliwa na watafiti waliowahusisha zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari. Walikuta dalili kwamba waliokitazama walivutiwa zaidi na biashara, hasa wasichana. Lakini matokeo makuu yalikuwa ya kusikitisha: kipindi kiliwapunguzia vijana bidii ya kuwekeza katika masomo yao, bila kuweka kitu kingine cha maana mahali pake. Waandaaji walikuwa na nia njema, na kipindi kilitengenezwa vizuri. Hamasa ilifika kabla ya kazi ya kuifanyia.

Utafiti mwingine uko karibu zaidi na shughuli yetu. Mwaka 2008 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE, walipewa mafunzo na Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yalikuwa masomo 21, kila moja dakika 45, yaliyopangwa kufuata mikutano yao ya mikopo. Kuna waliopewa mafunzo peke yake, kuna waliopewa ruzuku, kuna waliopewa vyote, na kuna ambao hawakupewa kitu ili walinganishwe. Wanaume waliofundishwa biashara zao ziliinuka. Wanawake walijifunza pia, lakini matokeo yao katika biashara yalikuwa hafifu sana.

Hapa mtu anaweza kukimbilia hitimisho la kijinga kuhusu wanawake na hesabu. Mama anayeuza vitenge Buguruni anapiga hesabu kichwani kwa kasi ya kumwaibisha mhadhiri. Suala liko kwingine. Somo linasema "rudisha faida kwenye biashara", na faida ya mama ina wenyewe kabla haijaingia kwenye kibubu: ada ya shule, dawa ya mtoto, mume anayejua fedha inakaa wapi, saa nne za siku zinazokwenda jikoni na kwenye foleni ya maji. Kozi inayofundisha usimamizi wa biashara ndogo bila kuitaja nyumba inafundisha nusu ya biashara, kwa sababu katika mtaji wa laki tatu, nyumba na duka hula sahani moja. Vikoba na michezo ya upatu viligundua jambo hili zamani: fedha ikiwa kwa wenzako, hakuna wa kukuomba uitoe.

Jamhuri ya Dominika, mbali na kwetu, walilijaribu suala hilo la nyumba na duka kwa njia nyepesi. Wafanyabiashara wadogo waligawanywa. Wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida wa darasani, wengine wakapewa kanuni chache za mkato, mojawapo ikiwa kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani kwa mafungu mawili yanayoonekana kwa macho. Waliopewa kanuni za mkato ndio walioboresha utunzaji wao wa hesabu. Waliofundishwa uhasibu kamili hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Nilipousoma utafiti huo niliwafikiria wanafunzi wa stashahada wanaokariri debiti na krediti kwa mihula miwili, kisha wanafungua kibanda cha chipsi na kuweka mauzo yote kwenye mfuko mmoja wa suruali.

Lakini utafiti unaonisumbua zaidi ni wa Togo, uliochapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 wa mjini Lomé waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lilifundishwa usimamizi wa kawaida: hesabu, masoko, fedha. Fungu la pili lilifundishwa kujituma kwa akili, yaani kutafuta upenyo kabla ya wengine, kutofanya anachofanya jirani, kupanga mapema utakachofanya kizuizi kikitokea. La tatu halikufundishwa. Faida ya waliofundishwa usimamizi ilipanda kwa asilimia 11 hivi, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Ya wale wa kujituma ilipanda kwa asilimia 30.

Je, utafiti huo haunitii kitanzi, mimi ninayesema tufundishe daftari zaidi ya ujasiri? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Unanilazimisha kukubali kwamba ujasiriamali unafundishika, na kwamba daftari peke yake halimtoi mtu. Ila tazama ni nani waliofundishwa. Walikuwa watu wenye biashara tayari, waliokwisha kupata hasara, waliokwisha kudhulumiwa. Mwalimu aliposema "fikiria jambo ambalo jirani yako halifanyi", kila mmoja alikuwa na jirani wa kumfikiria, na jioni alirudi kwenye meza yake akajaribu. Hakuna aliyekuwa akiandika kuhusu kuku wa kwenye karatasi. Hata Harvard, kozi ya kwanza ya namna hii ilipofunguliwa mwaka 1947, walioingia darasani, watu 188, wengi wao walikuwa wamerudi kutoka vitani, watu wazima walioshaona mambo.

Kwa hiyo shida kubwa ya vyuo vyetu ni mpangilio. Tunafundisha kwanza, tunapanga kuuza baadaye, na kwa wengi hiyo baadaye haifiki. Mwanafunzi anayeuza sabuni ya maji kwa wenzake bwenini, au anayechukua mashati ya mitumba soko la Karume alfajiri na kuyauza chuoni jioni, anasikia somo la bei kwa masikio tofauti na mwenzake aliyekaa naye dawati moja. Wa kwanza anasikia kuhusu Jumanne iliyopita. Wa pili anasikia mtihani.

Vyuo vingi, ajabu yake, humchukulia yule wa kwanza kama mkosaji. Kuna sheria ndogo za mabweni zinazokataza kuuza vitu, na mlinzi wa getini anajua kuzitekeleza kuliko sheria nyingine zote. Darasani anaambiwa ajiajiri, nje ananyang'anywa beseni la maandazi.

Mchanganuo nao usitupwe. Una kazi yake: unamlazimisha mtu kuandika namba ambazo angependa kuzikwepa. Ila tunautia chumvi. Mwanafunzi huambiwa kwamba mchanganuo mzuri utampa mkopo, na akifika benki anaulizwa dhamana na mzunguko wa akaunti yake. Hana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba na ni msaada wa kweli, lakini kwa sehemu kubwa inapitia vikundi, na mwaka 2023 ilisitishwa kwanza ili utaratibu wake urekebishwe kabla haijarejea. Katika pengo hilo ndimo wanamoingia watu wa mikopo ya kausha damu, wasiohitaji mchanganuo wala cheti, wanahitaji kadi yako ya benki na televisheni ya mama yako. Sijaona mtaala unaomfundisha kijana kukokotoa riba ya mkopo wa namna hiyo kwa mwaka mzima. Kipindi kimoja kingetosha, na kingeokoa familia nyingi.

Kuna jambo jingine linaloweza kufundishwa kwa kipindi kimoja, na lina shilingi ndani yake. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Anayezitunza alitozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari alidaiwa 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi hichohicho bila daftari alidaiwa 100,000. Shilingi 70,000 kwa mwaka, kwa daftari la shilingi 2,000 na kalamu. Ukimweleza hivyo mwenye genge, hahitaji hamasa. Anauliza ni safu zipi za kuchora.

Mtaala ninaoutamani ni mwembamba. Muhula wa kwanza kila mwanafunzi auze kitu halisi, kwa fedha yake au kwa mkopo mdogo wa chuo, elfu hamsini zinatosha. Daftari lake likaguliwe kila wiki kama linavyokaguliwa zoezi la hesabu, na alama zitolewe kwa daftari sahihi hata kama linaonyesha hasara, hasa kama linaonyesha hasara. Aende Kariakoo akamwone winga anavyomdaka mteja njiani na kumpeleka dukani kwa tajiri, akaulize mwenye fremu amelipa miezi mingapi mbele na kilemba kiasi gani kabla hajatundika shati la kwanza. Aletwe aliyefilisika azungumze darasani. Mgeni rasmi aliyefanikiwa tumemsikia vya kutosha. Nadharia za masoko na mchanganuo mrefu vije mwaka wa pili, wakati mwanafunzi ana maswali yake mwenyewe ya kuuliza.

Kuna wahadhiri wanaofanya sehemu ya haya kwa juhudi zao binafsi, na wanastahili heshima. Wanafanya hivyo wakiwa na madarasa ya wanafunzi mia tatu, jambo linalofanya kukagua madaftari kila wiki kuwe mzigo usiobebeka. Mchanganuo mmoja wa mwisho wa muhula husahihishwa upesi zaidi. Hiyo pia ni sababu ya kuku wetu mia mbili kuendelea kuishi.

Basi wewe unayejaza fomu za kujiunga, au mzazi unayelipa, ulizia chuoni kabla ya kutoa ada: wanafunzi wenu wanauza nini mwaka wa kwanza, na nani anakagua madaftari yao? Wakikuonyesha jengo jipya na picha za mahafali, rudia swali. Wakishindwa kulijibu, tafuta chuo kingine, au anza kuuza kitu wewe mwenyewe wiki hii na uingie darasani ukiwa na daftari lako.